Mambo ya Buibui Nyumbani kwa Baba

Mama,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima kuanzia Nyakasimbi hadi Rugu, ninasikitika kukutangazia kwamba fagio la dari la nyumba yako lilitoweka. Lile la mpini mrefu wa mwanzi, ulilolifunga mwenyewe kwa kamba za mgomba. Liliondoka mchana kweupe bila kuaga. Mdogo wangu Adela alilitafuta mpaka nyuma ya pipa la maji, akakosa. Wafiwa mnaombwa kuwa watulivu.

Nimeanza na fagio kwa sababu ninaogopa kuanza na lile lingine. Unanijua. Ukinituma chumvi nikarudi mikono mitupu, kwanza nilikuwa nakusimulia habari za mbwa niliyemwona njiani, na wewe ukikaa kimya, mkono kiunoni, ukisubiri nifike kwenye chumvi. Basi weka mkono kiunoni. Kuna jambo nililomfanyia Baba, na mpaka leo sijamwambia. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, labda ulimi utalainika.

Tangu uondoke mwaka jana, mambo mengi yako vilevile. Kahawa inaanikwa palepale uani, na kuku wanaitembelea palepale. Adela huja kutoka Rugu Jumamosi, anapika chakula cha siku mbili na kugomba kwa siku nne. Mimi bado niko Rubwera, huku Kyerwa, nafundisha watoto Kiswahili, tumbo limeongezeka, nywele zimepungua. Nilikuwa nakwenda kumwona Baba kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa. Hapo ndipo ilipo chumvi.

Unaikumbuka sheria yako ya buibui. Fagieni jikoni, fagieni sebule, ila kona ya dirisha la chumbani haiguswi. "Huyo ni askari wangu wa inzi," ulikuwa ukisema, "na mbu wa humu wanamjua kwa jina." Nilipojikata kidole nikiangusha mkungu, ulinyoosha mkono ukachuna utando, ukaubandika kwenye kidonda, ukafunga kitambaa. Damu ikakata. Mimi nililia kwa sababu ya utando kuliko kwa sababu ya panga.

Baba ndiye alikuwa mwoga kunizidi. Mwanaume aliyeua nyoka kwa jembe mbele ya wazee wa kanisa, akiona buibui anapanda kitandani na viatu. "Mama Eliezeri! Njoo umwondoe mtu wako!" Na wewe, bila hata kuacha kumenya ndizi: "Wewe ndiye uliyehamia kwake." Alikuwa na hakika kwamba buibui akikukojolea unababuka mpaka mfupa. "Mimi nimelala chini yake miaka yote hii," ulimuuliza, "nimebabuka wapi?" Akaendelea kulala upande wa mlangoni.

Sasa sikiliza. Muhula ulipoanza, Ta Kamugisha, jirani yetu tunayepakana naye migomba, alikuja Rubwera kufuatilia karatasi za shamba lake la huku. Nilimkuta nje ya duka la fotokopi amesimama na watu wa ofisini, na kwa kuwa walikuwepo watu wa ofisini, akaniongelesha Kiswahili badala ya Kinyambo chetu.

"Mwalimu," akasema, "mzee yetu sasa anaishi na buibui. Kubwa, jeusi. Dirisha anafunga mchana. Tulimwambia atoe, akakataa kabisa. Anasema marehemu aliruhusu."

Mtu mwingine angesikia habari ya mdudu. Lakini mwanao, Mama, amefundisha upatanisho wa kisarufi kwa miaka ishirini na sita. Nilisimama pale na chaki mfukoni, nikapiga hesabu kichwani. Buibui mdudu ana uhai, kwa hiyo husemwa buibui mkubwa mweusi. Buibui vazi halina uhai, kwa hiyo ni buibui kubwa jeusi. Ta Kamugisha amesema kubwa, amesema jeusi. Basi si mdudu. Ni vazi. Na vazi halitembei lenyewe kuingia chumbani kwa mtu. Lina mwanamke ndani.

Nilisahau jambo moja dogo: Ta Kamugisha husema pia "mtoto yangu" na "ng'ombe lile". Nilisahau kwamba sekunde tatu kabla ya hapo amemwita Baba "mzee yetu". Mtu akitaka kushuku, Mama, husikia makosa ya watu anayoyahitaji, mengine anayasahihisha kimyakimya na kuendelea.

Jioni ile nikamtumia Adela ujumbe wa simu. Nikauliza kama ameona jambo lolote geni kwa Baba. Akajibu: "Kafunga chumba. Anasema mambo ya buibui tumwachie mwenyewe. Na fagio la dari silioni." Nikamuuliza, "Hilo buibui umeliona kwa macho yako?" Nilikuwa nasema vazi. Akajibu, "Nimeona. Kubwa. Inatisha." Nikamuuliza ni wa rika gani. Akaandika: "Nitajuaje umri wa buibui, wewe mwalimu vipi??"

Nikaelewa kwamba amejifunika uso.

Usicheke. Au cheka, lakini usimwambie mtu huko uliko.

Kuanzia siku hiyo nikawa mpelelezi. Fagio limepotea? Mwenye nyumba mpya amelitupa, kaja na lake. Dirisha linafungwa mchana? Sababu inajulikana. Baba, ambaye Jumapili hakosi kiti chake cha mbele kanisani, amekosa mara mbili? Ndiyo hivyo, anaona haya. Kila kitu kilijipanga chenyewe kama sahani kwenye kichanja. Hata wewe sikukuacha. "Marehemu aliruhusu." Nilikumbuka siku zako za mwisho, Baba amekaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda, wewe unamnong'oneza, na mimi nikiingia mnanyamaza. Nikajiuliza, ulikuwa unampa ruhusa gani? Na kwa nini mimi, mtoto wako wa kwanza, nisiambiwe? Nilikukasirikia, Mama. Nilikukasirikia ukiwa kaburini, jambo ambalo hata mimi najua ni kukosa adabu.

Mwezi ukaisha, sikwenda. Katikati ya siku hizo Baba alinipigia simu mara moja. Hiyo simu naiweka pembeni kidogo. Niache nivute pumzi, nitairudia.

Wiki ya tano nikamwomba ruhusa mwalimu mkuu, nikamwambia nina dharura ya kifamilia, nikaondoka asubuhi. Sikumwarifu Baba. Nilitaka kuwakuta.

Pale senta ya Nyakasimbi nilishuka kwanza kwenye duka la vitambaa la Bi Zuhura, yule ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akaoa huku. Ndiye mwanamke pekee anayevaa buibui ninayemfahamu maeneo yale, na nilikuwa nimeshamhukumu tangu nikiwa kwenye gari. Bi Zuhura huyuhuyu, Mama, aliyekaa na akina mama kwenye msiba wako akamenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Mbona unanikagua kama daftari la mtoro?"

Nikanunua leso nisiyoihitaji. Nikauliza, kama mtu asiye na haja sana, iwapo Baba huwa anapita pale.

"Mzee hapiti siku hizi. Mimi ndiye humpelekea."

"Humpelekea nini?"

"Mafuta ya nazi. Na ile poda ya watoto. Mwambie apake taratibu pale chini ya mbavu, upande wa kushoto, na asijikune."

Nilishika meza, Mama. Chini ya mbavu! Upande wa kushoto! Mimi niliyezaliwa na huyu mzee sijui ubavu wake una rangi gani. Naye akaendelea kukunja kitambaa, akaniambia, "Na wewe uwe unakuja. Mzee yuko peke yake mno." Nikasema moyoni, huyu mama ana ujasiri wa ajabu.

Sikuingia nyumbani kwa njia ya mbele. Nilizungukia mgombani kama mwizi wa mikungu, viatu vya kazini vikizama kwenye matandazo, majani yakinimwagia shingoni umande wote wa asubuhi. Mbuzi wa Ta Kamugisha alinitazama kwa dharau. Nikafika chini ya dirisha la chumbani kwenu. Limefunikwa na kitenge chako, kile cha njano. Hapo hasira ikanipanda upya: kitenge chako!

Na ndani nikamsikia Baba akiongea, taratibu, kwa Kinyambo, kwa sauti ile aliyokuwa akikutumia wewe mkiwa mmegombana na yeye ndiye amekosa. "Sasa nimekukosea nini? Nimekutetea kwa kila mtu. Kamugisha nimemfukuza kwa ajili yako. Mwanangu hataki kunisikiliza kwa ajili yako. Na bado unanichoma."

Nilisikia yote hayo. Badala ya kupata huzuni, nikapata ushahidi.

Nikazunguka mbele, nikafungua mlango bila hodi, mlango wa Baba yangu, bila hodi.

"Yuko wapi?"

Baba akashtuka akashika kitanda. "Nani?"

"Buibui!"

Akainua kidole, polepole, kuelekea kona ya dirisha. "Si huyo hapo."

Alikuwepo. Mkubwa, mweusi, kwa upatanisho kamili wa ngeli. Ametulia katikati ya utando wake, miguu minane ameikunja vizuri kama mgeni aliyekaribishwa chai. Nami nimesimama katikati ya chumba, matope mpaka magotini, leso mkononi bado iko kwenye karatasi yake. Na chini ya godoro la Baba, ncha ya mpini wa mwanzi imechomoza. Alikuwa amelificha fagio ili Adela asije akafagia ile kona.

Nikiwasimulia watu, huwa ninaishia hapo. Walimu wenzangu wamecheka mpaka mmoja akamwaga chai kwenye madaftari ya darasa la sita. Sasa wakiniona wananiuliza, "Mwalimu, leo buibui ni ya ngeli gani?" Ninacheka nao. Ni hadithi nzuri, na inanifanya nionekane mjinga kwa namna inayopendeza.

Lakini Baba hakuwa na shati.

Nilianza kuona hilo baada ya kumaliza kumwona buibui. Ubavu wake wa kushoto, kutoka mgongoni hadi chini ya ziwa, ulikuwa na alama nyekundu zilizojipanga kama mkanda. Malengelenge yalikuwa yameshapasuka na kukauka, yamebaki makovu. Alikuwa amekonda. Alisema hata shati likimgusa anasikia moto, ndiyo maana amefunika dirisha, mzee wa kanisa asionekane na wapita njia akiwa kifua wazi. Ndiyo maana haendi ibadani. Alimwomba Bi Zuhura kitu cha kupoza ngozi, naye kwa utu wake akawa anamletea.

"Amenikojolea," Baba akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayesengenya mtu aliye karibu. "Lakini usimguse. Mama yako alisema asiguswe."

Nikamuuliza ulisema lini. Akasema ni zile siku za mwisho, ulipokuwa ukimnong'oneza. Ulimwambia, "Yule wa dirishani usimtoe. Mtakaa wawili."

Kumbe ndiyo hiyo ruhusa, Mama. Mtu anayeogopa buibui kuliko radi alikuwa analala chini ya buibui, akiamini kwamba huyo ndiye anayemchoma, na amelificha fagio chini yake mwenyewe ili asije akashawishika.

Tulimpeleka kituo cha afya siku ileile, mimi na Adela, niliyemwita kwa simu kutoka Rugu. Daktari, binti mdogo mwenye sauti kubwa, alimtazama mara moja tu akasema, "Babu, huu ni mkanda wa jeshi." Akamuuliza kama aliwahi kuugua tetekuwanga utotoni. Ndiyo, aliwahi. Akasema ugonjwa uleule hujificha mwilini, mtu akizeeka au akiwa na majonzi mengi unaweza kuamka. Buibui hana kosa lolote. Kisha akanigeukia mimi. Kuna dawa ya kuuzuia, akasema, lakini inasaidia zaidi ikianza zile siku za mwanzo. Sasa imebaki ya kutuliza maumivu, na maumivu haya kwa wazee yanaweza kukaa miezi. "Mbona mmechelewa hivi?" akauliza. Adela akasema yeye alioneshwa utando tu, ubavu hakuoneshwa. Mimi nikasema niko mbali, Kyerwa.

Tuliporudi, Baba aliingia chumbani, akasimama chini ya ile kona. Alivua kofia. "Samahani," akamwambia buibui, "nilikusingizia." Wala hakuwa anatania. Kisha akalitoa fagio chini ya godoro, akamkabidhi Adela kwa masharti yako yaleyale: jikoni na sebuleni tu.

Baba amemwomba radhi mdudu. Mimi bado sijamwomba radhi Baba.

Haya, ile simu.

Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri, nimetoka darasani. Unajua Baba tangu nilipopata ualimu akinipigia anaongea Kiswahili, kama mtu anayepiga ofisini, kwa sababu anajivunia. Akasema, "Mwalimu, haya mambo ya buibui yamenizidi. Silali. Naomba uje tuongee, mimi na wewe." Nilikuwa nimeisubiri simu hiyo siku kadhaa, nimeitungia jibu, nimelinyoosha, nimeondoa makosa yote. Nikamwambia, "Baba, mambo yako ya buibui malizana nayo mwenyewe. Mimi nilikuwa na mama mmoja." Nilimsikia akipumua. Nikafikiri amenaswa. Kisha akasema, "Haya, Mwalimu. Nimekusikia." Akakata.

Nimehesabu nyuma, Mama. Moto wa ngozi ulikuwa umemwanza kabla, lakini siku hiyo malengelenge yalikuwa na siku mbili tu. Dawa ingefaa. Nilikuwa na nafasi, gari zilikuwepo, sikuwa na kikao wala mitihani ya kusahihisha. Nilikaa kwenye kiti changu nikajisikia vizuri. Ndiyo, nilijisikia vizuri, na hilo ndilo linaloniamsha alfajiri.

Tangu hapo Baba hajaitaja simu ile hata mara moja. Nadhani aliamini nilimaanisha kwamba mwanamume mzima asimsumbue mtoto wake kwa habari za mdudu, na kwamba huruma yangu yote niliizika na wewe. Akalichukua jibu hilo akaenda nalo chumbani, akavua shati, akakaa. Majuzi, baada ya ibada, watu walipomuuliza amepataje kupona, aliwaambia, "Eliezeri aliyasikia maumivu yangu kutoka Kyerwa, akaja bila kuitwa." Bila kuitwa, Mama. Nilikuwa nimesimama kando yake na kitabu cha nyimbo. Niliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikapokea sifa.

Kwa hiyo nakuahidi, na safari hii siahidi kwa mdomo wa yule mtoto wa chumvi. Jumamosi nampelekea dawa zake. Nitamkalisha uani penye kahawa, nitamwambia kwamba nilimdhania ana mwanamke. Hapo atacheka, najua, na nitatamani sana niishie kwenye kicheko chake. Sitaishia hapo. Nitamwambia kwamba aliniita, nikamsikia, nikakataa kwa makusudi, na kwamba sikuja kumwokoa, nilikuja kumfumania. Akitaka kunyamaza, nitakaa naye anyamaze mpaka amalize. Na mgongo wake, pale asipofika kwa mkono, nitampaka mimi.

Pumzika, Mama. Sina tena habari ya mbwa.

Mwanao,
Eliezeri